Mgeni Anapofika Kanisa la Mkunazini

Hotuba kwa watembezaji watalii na wanafunzi wa utalii, Mji Mkongwe, Zanzibar

Waheshimiwa wageni waalikwa, walimu wenzangu, ndugu zangu watembezaji watalii, na nyinyi vijana ambao karibuni mtaingia katika kazi hii: Assalaam aleikum, na kwa wenzetu Wakristo, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumtembeza mgeni katika nyumba za ibada za mji wetu. Mji huu una misikiti mingi, una mahekalu ya Wahindi, una Minara Miwili ya Wakatoliki, na kila kimoja kinastahili siku yake. Mimi nimechagua kubaki katika jengo moja tu, Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana lililoko Mkunazini, kwa sababu ni miongoni mwa mahali pa mwanzo anapopelekwa mgeni anayefika Unguja, na kwa sababu naamini tunalionyesha kwa haraka kuliko linavyostahili. Mgeni huteremshwa kwanza katika vyumba vya chini ya ardhi, akaingiwa na hofu, akapelekwa kwenye sanamu za watumwa, kisha akaingizwa kanisani kwa dakika chache, akaonyeshwa madhabahu na kutolewa nje kwa mlango mwingine. Ninachowaomba leo ni kwamba tumpe mgeni muda wa kutosha ndani ya kanisa lenyewe, na kwamba katika kila hatua tumtenganishie kile kinachothibitika na kile kinachosimuliwa tu.

Niruhusuni nianze na kiwanja. Hapo Mkunazini palikuwa na soko la wazi la watumwa, la mwisho katika mji huu. Watu waliouzwa hapo walitoka zaidi bara ya kusini, katika nchi zilizozunguka Ziwa Nyasa, Wayao, Wanyasa, Wangindo na wengineo, wakapitishwa Kilwa na kuvushwa kwa majahazi mpaka Unguja. Makadirio ya miaka ya 1860 hufikia watu karibu 20,000 kwa mwaka, na wengi wao hawakwenda mbali, maana walibakishwa hapahapa Unguja na Pemba kufanya kazi katika mashamba ya karafuu. Jambo hili la karafuu tusiliruke. Mgeni mara nyingi hudhani kwamba kila aliyeuzwa Mkunazini alipakiwa tena na kupelekwa Arabuni. Ni muhimu aelewe kwamba utajiri wa mji anaoutembea, milango yake iliyonakshiwa na majumba yake ya ghorofa, ulijengwa kwa sehemu kubwa na mikono ya watu hao na wazazi wao.

Soko lilifungwa Juni 1873. Sir Bartle Frere alikuwa amekuja mapema mwaka huo kumshawishi Sultani Barghash bin Said atie saini mkataba, Sultani akakataa; kisha John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza, akamletea habari kwamba manowari zitakizingira kisiwa, na hapo saini ikapatikana. Mkataba ule ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko ya hadhara. Haukumwachia huru hata mtumwa mmoja aliyekuwa tayari shambani au nyumbani mwa bwana wake. Hili nalisisitiza kwa sababu nimesikia mara nyingi, tena kutoka kwa watembezaji wenye uzoefu, kwamba utumwa Zanzibar ulikwisha mwaka 1873. Hali ya kisheria ya utumwa iliondolewa Aprili 1897, zama za Sultani Hamoud bin Mohammed, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake mbele ya serikali. Masuria walisubiri mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo kanisa lilipojengwa, na kwa miaka mingi baada ya kukamilika kwake, miongoni mwa waliopita mbele ya mlango wake walikuwamo watu ambao bado walikuwa mali ya wengine. Mgeni akilijua hilo atalitazama jengo kwa macho mengine kabisa.

Kiwanja kilipatikana kwa njia ambayo haisimuliwi sana. Sehemu yake ilinunuliwa na mmisionari mmoja kijana, Padre Arthur West, kwa fedha zake mwenyewe, naye alifariki kabla ya kuliona kanisa limesimama. Sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya soko kufungwa. Waliojenga walikuwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile iliyoanzishwa Uingereza baada ya David Livingstone kuzungumza mjini Cambridge mwaka 1857. Misheni hiyo ilijaribu kwanza kukaa kwenye mto Shire, katika nchi ambayo leo ni Malawi, ikampoteza askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, mwaka 1862, na ndipo Askofu William Tozer alipoamua kuihamishia Unguja mwaka 1864.

Tozer alifuatana na padre mmoja aliyesomea sheria, Edward Steere. Huyu ndiye aliyekuja kuwa askofu wa tatu na ndiye aliyelisimamia kanisa hili tangu msingi mpaka paa. Simamisheni wageni wenu katikati ya kanisa, waambieni wainue vichwa. Dari lile ni upinde mmoja mrefu unaotoka ukuta hadi ukuta bila ya nguzo wala boriti ya katikati, na limemiminwa kwa zege la mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa na kuchanganywa na saruji. Kwa mji uliozoea dari za boriti za mikoko, ambazo upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, lile lilikuwa jambo geni. Mafundi wa Unguja waliokuwa wakijua jiwe la matumbawe tangu utoto wao ndio waliolichimba, wakalibeba, wakalivunja na kulimimina. Nasikitika kwamba majina yao hayakuandikwa ukutani, lakini kazi yao bado iko juu ya vichwa vyetu, na mtembezaji hahitaji maandishi ili kuionyesha. Mwambieni mgeni atazame pia madirisha yenye ncha za Kizungu karibu na mapambo yanayofuata desturi ya Kiarabu, maana mchanganyiko huo ni wa mji huu, na hutauona vivyo hivyo Canterbury, kule Uingereza.

Upande wa magharibi, karibu na mahali pa ubatizo, ziko nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Husemwa kwamba mafundi walizipanga hivyo Steere alipokuwa hayupo, na aliporudi akaziacha. Wageni hucheka hapo, nasi huchekeana nao kwa kuwasema mafundi. Ningependa tuache. Umbo la nguzo zile lilikuwa geni kwa waliozisimamisha, zimebeba mzigo wake bila ya kutetereka kwa zaidi ya miaka 140, na askofu aliyekuwa na haki ya kulalamika aliona hakuna haja ya kuzibomoa.

Sasa tufike madhabahuni. Mbele yake pana duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na rangi nyekundu. Mapokeo yanasema kwamba hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko mbele ya wanunuzi, ili mwenye kustahimili bila ya kulia apate bei kubwa zaidi, na kwamba Steere aliiweka madhabahu mahali hapo makusudi. Mimi naliheshimu simulizi hilo, na maana yake kwa wanaosali pale ni kubwa. Hata hivyo tuliseme kama simulizi. Maneno mawili, "mapokeo yanasema", yanatosha, na hayampunguzii mgeni chochote.

Msalaba mdogo wa mbao ulioko karibu na hapo ndio ambao wageni kutoka Uingereza huuliza mapema zaidi. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Moyo wake ulizikwa chini ya mti, na msalaba ule umetengenezwa kwa mbao ya mti huohuo. Mpaka hapo kila mtembezaji hufika. Baada ya hapo wengi wetu hunyamaza, na ndipo ninapoona tunapoteza sehemu iliyo bora. Nani aliuzika moyo ule? Nani aliukausha mwili, akaufunga kwa magome ya mti na kitambaa, na kuubeba kwa mabega kwa muda wa miezi mingi, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500, mpaka Bagamoyo ulikofika Februari 1874? Walikuwa watu wengi, wanaume na wanawake, na walioongoza ni Chuma na Susi, waliokuwa watumishi wa Livingstone. Chuma alikuwa Myao aliyefunguliwa minyororo akiwa mtoto, mwaka 1861, na Livingstone pamoja na wamisionari wa misheni hii hii iliyojenga kanisa. Alifariki hapa Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa baadaye kwa jina la David, akafariki hapahapa Unguja mwaka 1891. Basi hadithi ya msalaba ule ni hadithi ya watu waliorudi na kuishi katika mitaa hii, na mgeni anayeondoka akilijua jina la Livingstone peke yake hakuambiwa hadithi yenyewe.

Nyuma ya madhabahu ndipo alipozikwa Steere, aliyefariki Agosti 1882. Sisi watu wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kusimama kwenye kaburi hilo, hata asiyekuwa Mkristo miongoni mwetu. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, na mwaka huohuo mkusanyo wa ngano za Kiswahili alizozisikia kutoka kwa wenyeji, zikiwekwa kwa maneno ya wasimulizi. Alifasiri Agano Jipya, na Biblia kamili katika Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891, miaka tisa baada ya kifo chake. Kiswahili cha mji huu, ambacho baadaye kilichukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki nzima, kilipitia katika mitambo ya uchapaji ya misheni hii. Lakini tukimtaja Steere tusisahau alikokitoa. Alifundishwa na Waislamu wa mji huu, kijana Hamis wa Kayi miongoni mwao, waliokaa naye, wakamsahihisha na kumsimulia. Padre wa Kiingereza akiandika, kijana wa Kiswahili akieleza: hivyo ndivyo kazi ile ilivyofanyika, na mgeni anapenda sana kuisikia, kwa sababu haifanani na alichokisoma kabla ya kupanda ndege.

Kuna watu wengine ambao lazima waingie katika maelezo yetu. Tozer alipofika mwaka 1864, Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi. Skuli ikafunguliwa Kiungani, kusini kidogo mwa mji, na kijiji cha watu walioachwa huru kikaanzishwa Mbweni, ambako kanisa lao la Mtakatifu Yohana lililojengwa mwaka 1882 liko mpaka leo. Kutoka katika skuli hizo alitoka Cecil Majaliwa, Myao aliyeletwa Unguja akiwa mtoto mtumwa, ambaye mwaka 1890 alipadirishwa, akiwa Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika misheni hii, na aliyefanya kazi kwa miaka mingi Chitangali, katika nchi ya kusini ambako watu wake walikuwa wametekwa. Nawaambia wazi kwamba naona jina la Majaliwa linastahili kutajwa kanisani humo kabla ya majina ya maaskofu wengi. Mgeni amekuja mahali palipouzwa watoto. Anayo haki ya kujua mmoja wa watoto hao alifika wapi.

Na sasa vyumba vya chini. Najua hapa pana uzito, kwa kuwa ndivyo vinavyovuta wageni wengi, na wapo wenzetu ambao riziki yao imeegemea maelezo ya vyumba hivyo. Jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni kuwa hospitali, baada ya soko kufungwa. Wanahistoria wamelitazama hilo na kuuliza swali lililo wazi: ikiwa jengo lilikuja baada ya soko, watumwa wa soko waliwekwaje chini yake? Vyumba vile vinaelekea zaidi kuwa ghala za hospitali. Nimewahi kumsikia mtembezaji akitoa idadi kamili ya wanawake na watoto waliojazwa katika chumba kimoja, na idadi kamili ya siku walizokaa, bila ya kuonyesha alikoitoa. Mgeni wa leo ana simu mkononi. Akirudi hotelini akasoma kwamba jengo lilikuwa la hospitali, hatatilia shaka vyumba peke yake, atatilia shaka soko, mkataba, na kila neno tulilomwambia, na zaidi ya yote atapata kisingizio cha kutilia shaka mateso ya watu ambao waliteseka kweli. Hilo ndilo linaloniumiza. Waliouzwa Mkunazini hawahitaji kuongezewa chochote. Biashara ile ina mikataba, ina barua za mabalozi, ina ushahidi wa waliookolewa ambao wengine waliyaeleza maisha yao kwa vinywa vyao. Tuwateremshe wageni, tuwaonyeshe wembamba wa vyumba na minyororo iliyowekwa humo, tuwaambie kwamba wenyeji wamevihusisha vyumba hivi na utumwa kwa muda mrefu, na kwamba wanahistoria wengi hawakubaliani na hilo. Kisha tuwapeleke ghorofani kwenye maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa, ambayo yamepangwa kwa uangalifu na yanafaa kusomwa polepole.

Sanamu zilizoko uani sina mengi ya kuzisema, kwa sababu zinajisemea. Zilichongwa na Clara Sörnäs, msanii wa Uswidi, mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, wamefungwa kwa mnyororo shingoni, kila mmoja akitazama upande wake. Ombi langu ni moja, mgeni asiruhusiwe kushuka shimoni akapige picha akiwa amewakumbatia. Akielezwa kwa upole, huelewa.

Kuhusu saa ya mnarani, husimuliwa kwamba Sultani Barghash aliitoa zawadi kwa sharti kwamba mnara usizidi urefu wa jumba lake, na wengi huongeza kwamba jumba hilo ni Beit al-Ajaib. Beit al-Ajaib ilikamilika mwaka 1883, na kanisa lilikuwa limekamilika karibu mwaka 1880. Anayetaka kuisimulia habari ya sharti aisimulie kama mapokeo, na jumba asilitaje. Kinachofaa zaidi kuonyeshwa hapo ni ukaribu wa mnara wa kanisa na mnara wa msikiti jirani, ambao mtu akisimama uani anaweza kuiona yote miwili kwa pamoja, na waumini wa pande zote mbili wamezoea kuwahiana kwa salamu katika uchochoro huohuo.

Mwisho nataka kuligusa lile ambalo watembezaji tunalisahau kwa mazoea. Lile ni kanisa hai, ni kiti cha askofu wa Dayosisi ya Zanzibar, na Jumapili hujaa watu wanaosali kwa Kiswahili. Humo hufungwa ndoa, hubatizwa watoto, huagwa maiti. Mgeni aambiwe kabla ya kufika afunike mabega na magoti, avue kofia, azime mlio wa simu. Ikiwa ibada inaendelea asiingie na kamera; akitaka kukaa nyuma kusikiliza, aachwe akae, na wenyeji wa pale hupokea wageni vizuri. Sisi tulio Waislamu, ambao ndio wengi katika kazi hii, tunajua vyema tunavyojisikia mtu anapopita mbele ya wanaosali msikitini. Adabu ileile tuipeleke Mkunazini, sauti zetu ziwe chini, na maelezo marefu tuyatoe uani kabla ya kuingia.

Na skuli zetu je? Watoto wa Unguja wanaokulia dakika kumi kutoka Mkunazini humaliza kidato cha nne bila ya kuingia kanisani humo, kwa kudhani ni mahali pa wageni au kwa wazazi kuogopa kwamba kuingia ni kushiriki ibada isiyo yao. Walimu wanaweza kuliondoa hofu hilo kwa kuzungumza na wazazi mapema na kueleza kwamba safari ni ya somo la historia. Nawaomba walimu mliopo mpange safari hizo siku za kazi asubuhi, kabla ya makundi ya watalii wa meli kufika, na muwaombe watembezaji waliomo ukumbini humu wawasaidie bila ya malipo angalau kwa muhula mmoja. Kwa wale watembezaji watakaokubali, nitakuwa mlangoni pa kanisa Jumamosi hii saa mbili na nusu asubuhi. Tutaanza ndani, chini ya dari, tutafuata msalaba, kaburi la Steere, mahali pa ubatizo, kisha uani na vyumbani, na kila mmoja ataeleza sehemu moja mbele ya wenzake ili tusahihishane kabla ya watoto kuja.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.